Fundi, meza yangu lini?

Ndugu msikilizaji, mji wetu huu wa Arusha una ofisi nyingi zisizo na kibao mlangoni. Nazungumzia ofisi zilizomo ndani ya nyumba za watu. Yuko mwalimu wa sekondari kule Ngarenaro anayesahihisha mitihani juu ya kitanda, karatasi za waliofaulu zikiwa upande wa mto na za waliofeli upande wa miguuni. Yuko mfasiri wa nyaraka za mahakama na za mikutano ya kimataifa, kazi ambayo mji huu umeizoea tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa hapa hadi 2015, naye hufasiri akiwa kwenye kochi, kompyuta mapajani. Yuko kijana wa kampuni ndogo ya utalii anayejibu barua za wageni wa Ujerumani usiku wa manane, kompyuta ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa kwa sinia. Hawa wote ukiwauliza habari za kazi watakujibu kazi nzuri. Ukiwauliza habari za mgongo, vuta kiti ukae, maana maelezo ni marefu.

Hali hii ilikuwepo zamani lakini ilishika kasi 2020. Machi 17 mwaka ule shule zilifungwa kwa sababu ya korona, watalii wakakatika, na wenye kampuni kadhaa ninaowafahamu wakarudisha funguo za vyumba vya ofisi kwa wenye majengo. Watalii walirejea baadaye. Funguo hawakuzifuata, kwa kuwa walikwishaona kwamba kodi ya pango ya mjini kati inaweza kulipa ada ya mtoto.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi mazungumzo haya nimeyaandikia kwenye meza ya kulia chakula. Mtayarishaji wangu ni shahidi, maana mara nyingi amepokea karatasi zenye alama ya mchuzi. Ikifika saa moja na nusu usiku mama watoto huja na sahani, nami hukusanya makaratasi yangu kama mchuuzi aliyeona gari la mgambo. Mwaka jana nikasema sasa basi, natengeneza meza ya kuandikia, yangu, kwa vipimo vyangu, ikae kwenye kona ya sebule na isiwekwe chungu.

Najua wapo watakaoshangaa: dunia ina mambo yote haya, mwandishi anatuletea habari za meza! Naomba mnivumilie kidogo. Nilipoanza kuifuatilia meza hii nilikuta ndani yake mna msitu, mna ushuru wa forodha, mna mapafu ya kijana mmoja, na mna lile swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kumuuliza fundi wa aina yoyote: lini?

Nilianzia dukani kama watu wengi. Meza za dukani zinapendeza. Zina rangi ya mninga, rangi ya mkongo, nyingine rangi ya miti ambayo nadhani haijaumbwa bado. Lakini ukigeuza uone chini utagundua kuwa mninga ule ni picha. Ni karatasi iliyobandikwa juu ya mbao ya unga, yaani vipande vya miti vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Sisemi kwamba ni kitu kibaya. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na kiwanda cha Tembo Chipboards kule Mkumbara, Korogwe, na teknolojia yenyewe ni ya heshima kwa kuwa inatumia mabaki ambayo yangechomwa moto. Kasoro yake ni mbili. Ya kwanza ni maji. Binti wa kazi akipiga deki vizuri kila asubuhi, kwa mwaka mmoja miguu ya meza ile inavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ya pili ni skrubu. Ikishafunguliwa na kufungwa mara mbili tatu, tundu linakuwa unga mtupu na skrubu haishiki tena. Sasa sisi wapangaji tunahama. Mtu aliyekuwa Sombetini leo, mwakani yuko Moshono, mwaka kesho kutwa yuko Kisongo. Meza ya namna hiyo huhama mara ya kwanza ikiwa meza, mara ya pili ikiwa kuni, na hata kuni zenyewe hazifai kwa moshi wa gundi.

Serikali zetu zimeliona jambo la samani za nje. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Arusha, ilianza kutumia kiwango kipya cha juu cha ushuru wa forodha cha asilimia 35, na samani zimo katika orodha ya bidhaa zilizowekewa kiwango hicho. Nia ni kumlinda fundi wa ndani. Ni nia njema na mimi naiunga mkono. Ila nilipotoka dukani kwenda kwa huyo fundi anayelindwa nilijifunza kwamba ushuru una uwezo mkubwa, lakini haukaushi mbao. Nitaeleza.

Fundi niliyempata yuko upande wa Sakina, ndani kidogo ya barabara ya Nairobi. Ni mtu mzima kuliko mimi, amefanya kazi ya useremala tangu ujana wake, na karakana yake ni nguzo sita na mabati. Nilikwenda na karatasi yangu yenye vipimo nilivyonakili dukani: kimo inchi 30, yaani sentimita 76 hivi, upana na urefu nao nimeandika. Akaitazama ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mwandishi," akaniambia, "hivi ni vipimo vya meza ya nani?"

Nikamwambia ni vya meza.

"Hebu kaa hapa."

Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia nikanyage chini sawasawa, nikunje mikono kama ninayepiga chapa. Akashusha futi kamba toka kwenye kiwiko hadi chini. Sentimita 67. Akaniambia meza ya inchi 30 ni ya mtu anayeandika kwa kalamu, aliyeinama, mkono ukiwa juu ya karatasi. Mtu wa kubonyeza vitufe akiwekewa kimo hicho, mabega yanapanda juu siku nzima bila yeye kujua, na jioni anasema amerogwa shingo. Nikamuuliza ameyajuaje hayo. Akanionyesha meza yake ya kazi, ile anayorandia mbao. Kimo chake kinaishia kwenye kifundo cha mkono wake akiwa amesimama. "Mwenzangu aliyekuwa na meza ndefu alistaafu mgongo kabla ya umri," akasema. Tukakubaliana kimo sentimita 70, urefu mita moja na nusu kasoro kidogo, upana sentimita 70 ili kompyuta ikae mbali na macho na mbele pabaki nafasi ya daftari. Watoto wa meza wawili upande wa kulia, mmoja uwe na kitasa, kwa sababu katika nyumba yangu kalamu hutembea zenyewe. Nyuma tundu la kupitishia nyaya. Katikati miguu yangu ipite bila kugonga kitu.

Baada ya hapo tukaingia kwenye mbao, na hapa ndipo nilipokaa darasani.

Mtu wa mjini akitaka kuonyesha kuwa ana hela husema mninga. Na kweli mninga ni mti wa kifalme. Unaranda vizuri, hautaabishi patasi, na ukishakauka hauchezi. Ukiukata ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, na wapo wazee hadi leo wasiopenda kuuona. Lakini mninga unaoletwa Arusha unatoka mbali, kwenye misitu ya miombo ya kule Tabora na Katavi, nao ni mti unaochukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Fundi alinieleza kwamba zamani mtu alikuwa akichagua ubao mpana mmoja ukatosha sehemu kubwa ya uso wa meza. Siku hizi anaunganisha vipande vinne, vitano. Hiyo peke yake inakueleza hali ya msitu. Wengine huulizia mkulo, mti wenye harufu ya kafuri uliokuwa fahari ya Kilimanjaro na Usambara. Kule Kilimanjaro uvunaji wa miti ya asili ulipigwa marufuku 1984, kwa hiyo anayekuletea mkulo mpya wa mlimani kwa bei ya kirafiki, muulize urafiki huo ameupata saa ngapi.

Nikasema basi tuchukue za hapa hapa. Mlima Meru una shamba la miti la serikali, Meru/Usa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, paini na sipresi zimejipanga kama gwaride. Fundi akakubali kwa upande wa ndani wa watoto wa meza, na kwa nguzo za paa la nyumba. Kwa uso wa meza akakataa. Akachukua kipande cha paini, akakiandika kwa kalamu ya wino kwa kukandamiza. Halafu akanipa nikipapase. Maandishi yalikuwa yamezama. "Baada ya mwaka utakuwa unasoma barua zako zote za zamani juu ya meza," akasema.

Mti alioniletea mwishowe nimeuona tangu utotoni bila kuuheshimu hata siku moja. Mgrevilea. Ukipanda kutoka Tengeru kuelekea juu, au ukienda Poli, Akheri, Nkoaranga, huko kote katika mashamba ya Wameru unaukuta umesimama katikati ya kahawa na migomba, majani yake kama manyoya ya kuku, maua ya rangi ya chungwa. Si mti wa kwetu. Asili yake ni Australia, uliletwa Afrika Mashariki ili kuikinga kahawa na chai dhidi ya jua kali, ukapenda hapa ukabaki. Mkulima anaupogoa matawi anapata kuni, majani yanaanguka yanakuwa mboji, na siku ya kumpeleka mtoto shule ya bweni shina linapasuliwa mbao. Sisi wa mjini tunauita mti wa kuni. Basi fundi akachukua ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti, si kwa kukata ubavuni tu, akaupiga randa mara mbili, akaumwagia maji kidogo. Ndugu msikilizaji, ubao ulikuwa wa rangi ya waridi iliyokolea, na juu yake madoa madoa yanayong'aa ukigeuza huku na huku, kama kitambaa cha hariri. Sikuamini kwamba huu ndio mti uliokuwa unapikia ugali wa bibi yangu.

Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mninga. Nikalipa siku ile ile fedha ya mbao, nikauliza: fundi, meza yangu lini?

"Miezi minne."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kazi yenyewe, alinieleza, ni ya siku nane au tisa. Miezi minne ni ya mbao kukauka.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nina hakika kuwa ugomvi mwingi kati ya maseremala na wateja katika nchi hii chanzo chake ni maji. Mti unapoangushwa umejaa maji; miti mingine maji yake huzidi uzito wa ubao wenyewe ukishakauka. Maji ya kwanza hutoka kwa urahisi na ubao haubadiliki umbo. Lakini yakishapungua hadi kufikia theluthi moja hivi ya uzito wa ubao mkavu, kinachoanza kutoka ni maji yaliyomo ndani ya nyuzi zenyewe za mti, na hapo ubao unaanza kunywea. Tena haunywei sawasawa. Urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Upana ndio unaopungua, na kufuata duara za mti unapungua karibu mara mbili ya unavyopungua kuelekea moyoni. Ndiyo sababu ubao unajipinda kama kigae. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ubao mbichi hauhitaji kukunjwa, unajikunja wenyewe, na unafanya hivyo ukiwa nyumbani kwako baada ya kumaliza kulipa. Kwa hewa yetu ya Arusha ubao wa samani unatakiwa ushuke hadi maji yafikie asilimia 12 hivi ndipo utulie.

Fundi wangu hana kipimo cha umeme cha unyevu. Alichonacho ni mizani kama ile ya bucha. Alikata kipande kutoka kwenye mbao zangu, akakipima, akaandika uzito na tarehe kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Mbao zikapangwa chini ya bati, kati ya ubao na ubao vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, ncha zikapakwa rangi zisikauke haraka kuliko katikati, na juu ya rundo mawe. Jina langu likaandikwa. Kila Jumatatu kipande kinapimwa. Uzito ukishuka, subiri. Ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mbao ziko tayari. Elimu hii haiko mbali nasi. Chuo cha Misitu kiko Olmotonyi, hapo tu ukipita Ngaramtoni, na kule Moshi kiko chuo cha viwanda vya misitu kinachofundisha mambo ya kupasua na kukausha mbao. Umbali wa kutoka vyuoni hadi kwenye karakana za barabarani ndio unaonishangaza, maana kwa gari ni mfupi sana.

Mwenzangu mmoja wa idara ya michezo alitengenezewa meza kwa wiki mbili tu, na fundi mwingine. Ilikuwa nzuri siku alipoipokea. Kufika Februari, ule mwezi wa upepo mkavu, ilipasuka katikati kwa mlio kama wa risasi, akawa anatuambia ofisini kuwa mafundi wote ni waongo. Nami nilikuwa na maoni hayo hayo kwa miaka mingi. Lakini tufikirie pamoja. Mteja anataka meza kwa wiki mbili. Fundi hana fedha ya kununua mbao na kuzilaza miezi minne, kwa kuwa fedha hiyo ndiyo ya unga wa watoto. Kwa hiyo anasubiri malipo yako ya awali, anakimbilia kwa wauza mbao, na mbao za pale nyingi zimepasuliwa juzi. Wakati mwingine malipo yako hayanunui hata mbao zako. Yanamalizia kitanda cha mteja aliyetangulia, na meza yako itasubiri malipo ya atakayekufuata. Hapo ndipo inapozaliwa ile lugha ya njoo Jumamosi. Mtu huyu haongopi kwa tabia. Anaongopa kwa kukosa mtaji.

Nilimuuliza fundi kwa nini asikope. Akacheka. Benki inataka dhamana, na yeye hata kiwanja alichosimama si chake. Zamani alikuwa kando ya barabara kuu. Ilipopanuliwa barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na ushei, ikawa njia nne, mafundi waliokuwa ndani ya hifadhi ya barabara walisogea. Barabara ni nzuri, kila mmoja wetu anaifurahia, na hifadhi ni hifadhi, sheria ya barabara iko wazi. Nasema tu kilichotokea kwa mbao. Fundi aliposogea alikuwa na rundo linalokauka. Huwezi kulihamisha rundo lile mara tatu likiwa na mawe yake, kwa hiyo aliliuza bichi kwa bei ya kutupa. Alipofika sehemu ya pili mwenye kiwanja akapandisha kodi, akahama tena. Mtu asiyejua mwakani atakuwa wapi halazi mbao. Anaweza kuwa na ujuzi wote wa mizani na vijiti na mawe, lakini miezi minne ya uhakika hana, na meza zake zitapasuka kama za asiyejua kitu. Kwa hiyo tunapowekea samani za nje ushuru wa asilimia 35 halafu fundi hana pa kusimama, tunamlinda mtu anayekimbia.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kutengewa maeneo, na maeneo hutengwa. Ni kweli hutengwa. Mara nyingi hutengwa mahali ambapo mteja hafiki kwa miguu na gari la mbao halifiki wakati wa mvua. Seremala anaishi kwa mpita njia anayeona kabati akasimama. Ukimpeleka nyuma ya kilima umempa kiwanja na kumnyang'anya wateja.

Mimi na fundi tulifanya mapatano ambayo yeye ndiye aliyeyatunga, nami nayatangaza kwa ruhusa yake. Malipo matatu. La kwanza ni la mbao peke yake, mteja akiwepo, mbao zinaandikwa jina lake, na muuzaji anaonyesha hati yake ya kusafirishia mazao ya misitu pamoja na risiti. La pili ni siku kiunzi cha meza kinaposimama bila msumari, ndimi zimeingia kwenye matundu yake, na mteja anakitikisa kwa mikono miwili. La tatu ni mlangoni kwako. Kila malipo yanaandikwa kwenye daftari kubwa na pande zote mbili zinatia sahihi. Kwa njia hiyo mteja ndiye anayekuwa mtaji wa kukausha mbao, na fundi hawezi kumalizia kitanda cha mtu mwingine kwa mbao zenye jina lako. Jumla nililipa shilingi 480,000. Meza ya picha ya mninga pale dukani ilikuwa 320,000.

Katika kwenda na kurudi kwangu kuna jambo jingine nililoliona, nalo linanikera hadi leo. Karakana ile ina kijana anayejifunza kazi, wa miaka kama 19, na mashine ya kuranda ikiwaka anakuwa mweupe kope hadi viatu. Hana kitambaa wala barakoa. Nikauliza. Nikajibiwa kuwa jioni anakunywa maziwa. Ndugu zangu maseremala, wasaga nafaka na wachomeleaji, imani hii ya maziwa tumerithishana karakana zote, lakini maziwa yanapita njia ya chakula na vumbi linapita njia ya pumzi, na njia hizo hazikutani tumboni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lililiweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu 1995, hasa saratani ya pua. Mgrevilea wenyewe pamoja na uzuri wake unawasha ngozi za baadhi ya watu. Barakoa tulikuwa nazo nchi nzima 2020, zilining'inia hadi kwenye vioo vya daladala. Sijui kwa nini hazikuteremka karakani. Wiki iliyofuata fundi alimnunulia kijana wake moja, na kijana huivaa anaponiona nakuja.

Meza ilifika nyumbani mwezi wa Agosti, wakati Mlima Meru umejifunika ukungu na baridi imetuingia mifupani. Fundi alinionyesha chini ya uso wa meza: haukupigiliwa kwenye kiunzi, umeshikwa kwa vijiti vidogo vilivyoingia kwenye mifereji, ili Februari uso ukinywea na Aprili ukitanuka kwa mvua uwe na pa kuchezea. Ule mlio wa risasi wa mwenzangu wa michezo, alisema, ulitoka kwenye misumari iliyomnyima ubao nafasi hiyo.

Nilikuwa nimesahau jambo moja kuhusu nyumba zetu. Mnakumbuka 2016 taifa zima lilikuwa na ajenda ya madawati, hata Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizobana matumizi yake, yakatengenezwa na JKT na Magereza. Mtoto akapata pa kukaa shuleni. Lakini ikifika jioni mtoto yule yule anaandika kazi za nyumbani akiwa amelala kifudifudi sakafuni, na hilo hatukulifanyia kampeni. Binti yangu yuko kidato cha pili. Siku ya tatu tangu meza ifike nilirudi nikakuta vitabu vyake vya hesabu vimepangwa mahali pa kompyuta yangu. Tukajadiliana. Matokeo ya majadiliano ni kwamba meza ni yake kuanzia saa 12 jioni hadi saa tatu usiku, nami nimerudi kwenye meza ya chakula kwa saa hizo, karibu na mchuzi. Kwa vile miguu yake haikuwa inafika chini sawasawa, nilirudi kwa fundi, naye akatoa mabaki ya mgrevilea wangu, yaliyokuwa bado yana jina langu, akatengeneza kibao cha kuwekea miguu. Hakutoza kitu.

Nilipokwenda kuchukua kibao hicho nilihesabu marundo chini ya bati. Ni manne sasa, kila moja lina jina na kipande chake cha kupimia. Moja ni la yule mfasiri wa kochi. Jingine ni la mwalimu wa Ngarenaro, tarehe yake ya penseli ni ya mwezi uliopita, na kwa hesabu za fundi litakuwa tayari miezi mitatu ijayo. Mkataba wa kiwanja unakwisha miezi miwili ijayo, na mwenye kiwanja amesema atawajulisha.

Hadi juma lijalo, saa kama hii, kwaherini.